Mwaka Nilioacha Kuosha Matumbo

Mwezi uliopita nilikwenda mtaa wa Tena, hapa Nairobi, kwenye ibada ya ukumbusho wa Mzee Kilonzo, aliyekuwa msimamizi wangu wa kazi nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, na kabla sijamaliza kuvua sweta nilikuwa nimeketishwa mbele ya beseni la matumbo ya mbuzi. Sikulalamika. Mwanamke akiingia nyumba ya watu siku ya shughuli huuliza swali moja tu, maji yako wapi, na akishajibiwa amekwisha kupata kazi. Msichana mmoja mwenye simu mkononi, mjukuu wa marehemu, alinisogezea kigoda kivulini akaniambia kama anavyomwambia bibi yake, "Shosho, kaa hapa. Ni mbuzi mbili tu, si kazi mob." Wanaume walikuwa nyuma ya nyumba, karibu na ukuta wa jirani, wakihangaika na mbuzi wa pili. Nilivisikia visu vyao vikigonga mfupa, nikajua hakuna aliyevinoa vizuri. Nikapindua utumbo wa kwanza, nikaukamua, harufu ikanipanda puani, na mimi nikarudi mwaka wa 1976 nikiwa bado nimekaa pale pale Tena.

Mwaka ule ulinikuta Kaloleni, mtaa mwingine wa Eastlands ya Nairobi, nikiishi chumba kimoja na Felista, msichana aliyeshonea watu nguo kwa cherehani ya mguu. Cherehani ilikuwa chini ya dirisha, vitanda vyetu viwili vimekabiliana, na katikati palikuwa na nafasi ya jiko na miguu yetu. Mapaa ya Kaloleni ni ya vigae na kuta zake ni za mawe, lakini maneno hupita tu. Tulijua jirani wa kushoto amegombana na mkewe kwa sababu gani, na wao bila shaka walijua mimi natoka kazini nikinuka nini. Niliosha matumbo nyuma ya bucha moja ya huko huko Eastlands. Tangu asubuhi nilikuwa na karai mbili, ndoo za maji, na kisu kidogo kisicho na makali, cha kukwangulia. Nasema bila haya kwamba hakuna aliyeosha kama mimi. Lile tumbo kubwa la taulo nililitoa jeupe mpaka wateja wakadhani nimelitia dawa, na lile la kitabu nililifungua ukurasa kwa ukurasa. Lakini kila siku nilipoinua macho niliona wanaume wakikata nyama mbele, kwenye mbao, wakisalimiwa na wateja kwa majina, nami nilikitamani kisu chao. Nilikitamani kama wasichana wengine walivyotamani viatu vya kuinuka. Niliwahi kumwambia mmoja wao anifundishe kutoa mguu wa nyuma, akaniuliza kama nataka kuota ndevu.

Tajiri wetu, mwenye ile bucha, alikuwa mtu wa Murang'a aliyeijua nyama ya ng'ombe kama kiganja chake. Mwaka ule alipata kandarasi ya kununua nyama ya porini kutoka shamba moja kubwa upande wa pili wa Athi River, ambako mwenye shamba alikuwa na kibali cha kupunguza wanyama waliowamalizia ng'ombe wake malisho. Nyama ingekwenda kwenye mahoteli ya mjini. Tajiri akakaa chini akaandika watu wa kupeleka kambini: msimamizi, wakataji, dereva, mpishi, na mwosha matumbo mmoja. Hakuna aliyemwuliza mwosha matumbo wa nini. Yeye aliona kwamba palipo na kuchinja pana matumbo, na palipo na matumbo pana mwanamke na karai. Felista alinisaidia kufunga mzigo, akanitia na sabuni ya kipande. "Enda uoshe matumbo ya twiga," akasema. "Utarudi umekuwa mrefu."

Siku ya kwanza kambini niliamka kabla ya wote, nikapanga karai zangu kwa mstari, nikachota maji kwenye pipa, nikakunja mikono ya nguo. Jua lilipotoka vizuri lori likatupeleka bondeni ambako mpiga risasi wa shamba alikuwa ameangusha pofu, yule swala mkubwa kuliko ng'ombe wa kawaida, mwenye pembe za kujisokota na ngozi iliyolegea shingoni. Alikuwa amelala korongoni, mahali ambapo lori halifiki. Nikashuka na karai yangu kichwani. Wakataji walikuwa watatu: Mzee Kilonzo mwenyewe, kijana mmoja aitwaye Musyoka aliyejiona simba, na mtu mmoja mkimya wa Kangundo ambaye mwaka mzima sikumsikia akisema maneno kumi mfululizo. Nikaweka karai karibu na tumbo la mnyama, nikangoja lifunguliwe. Halikufunguliwa. Walimlaza pofu ubavu, Kilonzo akapitisha kisu juu ya uti wa mgongo kutoka mkiani mpaka shingoni, wakaichuna ngozi kuelekea chini, wakaitandaza kwenye nyasi kama mkeka, nyama ikatolewa juu ya mkeka huo. Mkono wa mbele ukatoka, kisha paja, kisha ile nyama ndefu ya mgongo, kisha ya shingo. Wakamgeuza, wakafanya upande wa pili. Mwisho Kilonzo akaingiza mkono nyuma ya ubavu wa mwisho, akalisukuma tumbo kando bila kulitoboa, akavuta sarara, ile nyama laini ya ndani ya mgongo. Kilichobaki pale chini kilikuwa mifupa, kichwa, na tumbo zima likiwa limefungwa kama lilivyoumbwa. Tai walikuwa wameshaanza kutua.

Musyoka aliiangalia karai yangu akacheka mpaka akakaa chini. "Tajiri ametuletea mwosha matumbo! Matumbo, hebu osha hiyo karai basi, angalau tuone kazi yako." Jina likanishika hapo hapo. Kuanzia siku hiyo niliitwa Matumbo.

Nilimfuata Kilonzo alipokuwa akifuta kisu chake. Kabla ya nyama alikuwa mchonga vinyago, na alikuwa na tabia ya kuitazama nyama kwa kuinamisha kichwa, akitafuta nyuzi zake zinakoelekea. Nikamwambia kwamba kwetu mnyama hufunguliwa tumbo kwanza, kwamba hata mtoto anajua hivyo, na kwamba kuacha ini na moyo wa mnyama mzima kwa tai ni dhambi mbele ya Mungu.

"Mwiitu," aliniambia, neno ambalo Wakamba humwita msichana, "maji yako wapi?"

Nikatazama. Palikuwa na vumbi, majani makavu, na mawe ya moto.

"Ukifungua tumbo hapa, mavi yatashika nyama, vumbi litashika mavi, na utaosha na nini? Mate? Tumbo likibaki limefungwa, uchafu wote uko kwa mfuko wake. Nyama inapanda kwa lori safi kuliko ile ya bucha yenu."

"Na mimi basi nitafanya nini?"

Hakuwa mtu mkali. "Jumamosi lori linarudi mjini," akasema. "Utarudi nalo."

Hapo ndipo kichwa changu kilipopata moto. Nilikuwa nimehesabu wale wakataji. Pofu ana robo nne, miguu miwili ya mbele na miwili ya nyuma, na desturi ya kambi ilikuwa kila mtu na robo yake: unaikata, unaibeba mwenyewe mpaka kwenye lori. Watu walikuwa watatu. Robo ya nne, mkono wa mbele wa kulia, Kilonzo alikuwa akiikata na kuibeba baada ya kumaliza yake, na nilimwona alivyopanda korongo safari ya pili akiwa ameshika kiuno. Nikamwambia anipe hiyo robo. Musyoka akasema Kilonzo akinipa, yeye mwenyewe ataenda kuosha matumbo. Kilonzo akacheka kidogo, na keshoye, pengine kwa kutaka kunyamazisha mdomo wangu, akanipa kisu mbele ya nyumbu aliyekuwa bado na joto. "Haya. Anza."

Nami nikafanya nini? Nikamshika nyumbu miguu nikaanza kumgeuza chali. Mikono yangu ilikuwa imeona wanyama wakilazwa chali maisha yake yote, nayo haikuniuliza. Nilipokumbuka, nilikuwa nimeshaweka ncha ya kisu chini ya kidari, tayari kushuka nacho. Wote watatu walicheka, hata yule mkimya wa Kangundo. Nilirudisha kisu kwa Kilonzo kwa mpini, nikaenda nyuma ya lori nikalia kwa hasira. Mpaka leo nikikumbuka masikio yangu hupata joto.

Kilichoniokoa Jumamosi ile kilikuwa mgongo wangu. Wanaume walibeba nyama begani, nayo nyama mbichi huteleza. Walipanda korongo wakiangusha, wakiokota, wakilaani. Mimi niliomba kamba ya lori, nikaifunga kama tunavyofunga kuni kwetu, mkanda ukapita juu ya utosi, nikainama, nikapanda na paja zima la nyumbu bila kupumzika. Nikashuka nikachukua lingine. Kilonzo alikuwa amesimama juu akinitazama, akamwambia dereva, "Huyu haendi popote." Hivyo nikabaki, mchukuzi wa nyama, mwenye jina la mwosha matumbo katika karatasi za tajiri, na macho yangu yote mawili kwenye ile robo ya nne.

Miezi iliyofuata nilijifunza kwa kutazama, na baadaye kwa kushika. Jioni, tukiwa tumekaa kuzunguka sufuria ya ugali na nyama ya shingo iliyochemshwa na chumvi tu, Kilonzo alichukua kipande cha mti wa kuni akanionyesha. "Mti una njia zake. Ukienda na njia, unafunguka wenyewe. Ukienda kinyume, unajikata kidole. Nyama ni hivyo hivyo." Aliniambia kwamba mkono wa mbele haukushikwa na mfupa wowote kifuani, ni nyama tu inayoushikilia, kwa hiyo anayegonga mfupa akiutoa amepotea njia. Akaniachia shingo nikate. Baadaye akaniachia mbavu. Akaniachia kunoa visu vyote vya kambi, na hapo ndipo Musyoka alipoacha kunicheka mchana, kwa sababu kisu chake kilikuwa mikononi mwangu. Lakini robo hakunipa. Nilipouliza alisema, "Bado," na mara moja alisema ukweli wenyewe: "Tajiri akija akute mwanamke ameshika robo, atasema Kilonzo amezeeka." Neno hilo lilinikata. Nilimheshimu, lakini nilimkasirikia siku tatu, nikampa chai bila kumtazama.

Kila mwisho wa mwezi tulishuka mjini, na kila mmoja aliruhusiwa kubeba kipande cha nyumbani. Nilikuwa nikifika Kaloleni na nyama ya shingo ndani ya gazeti, Felista akaisugua, akaiweka jikoni na vitunguu, na chumba kikajaa harufu iliyofanya majirani wakohoe makusudi. Lakini hakuna aliyekuja kuonja. Siku moja nikiwa nimelala, nilisikia wanawake wawili bombani, upande wa pili wa ukuta, wakisema juu yangu.

"Nyama kila mwezi, na ini hajawahi kuleta hata kidole."

"Si ni hiyo mimi nashangaa. Mnyama bila matumbo ni mnyama gani?"

"Ni mzoga. Wanaokota vimekufa huko, wanakata vipande, mjini nani atajua?"

"Ama ni punda."

"Ai, mama, wacha! Na nilimkopesha sufuria!"

Felista alisimamisha cherehani, akanitazama. Nami, badala ya kutoka nikawajibu, nilibaki kitandani, kwa sababu mimi mwenyewe ningesema vivyo hivyo. Eastlands nzima ilijua kwamba matumbo ndiyo ushahidi. Mtu akichinja mbuzi, jirani huona ini likichomwa kwanza, utumbo ukining'inia kwenye kamba, na kila mtu huridhika kwamba alikuwa mbuzi, alikuwa mzima, amechinjwa leo. Nyama tupu, hata ukiipaka asali, haiaminiki. Felista akasema taratibu, "Muthoni, mimi nakula. Lakini kweli, ni nini?" Nikamwapia kwa jina la mama yangu kwamba ni nyumbu. Akaendelea kushona, lakini siku hiyo alikula mchuzi akaacha nyama.

Bwana Afya alikuja kambini kabla ya mvua za vuli. Hivyo ndivyo tulivyowaita wakaguzi wa afya, na huyu alikuwa mtu nadhifu, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, na kasha dogo la muhuri na wino wa zambarau. Tulikuwa tumemaliza nyumbu wawili, nyama imening'inizwa kwenye miti safi kabisa, Kilonzo amesimama kando yake kama bwana harusi. Bwana Afya akaizunguka mara mbili.

"Ini liko wapi?"

"Bondeni," akasema Kilonzo. "Hatufungui tumbo, bwana. Nyama inatoka safi."

"Naona ni safi. Sitaki kuona usafi, nataka kuona ini. Nataka mapafu, bandama, moyo. Nitajuaje huyu hakuwa na kimeta? Mahoteli wameandikiwa barua: nyama bila muhuri hawachukui. Na mimi sipigi muhuri kwa nyama isiyo na ini."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hii ni ya mbwa. Nionyesheni mnyama na ini lake leo, nyama yake safi hivi hivi bila mavi, ama nimwandikie tajiri wenu afunge kambi."

Nilimwona Kilonzo akishika kiuno kama anavyofanya akipanda korongo. Pofu wawili walikuwa wameangushwa asubuhi ile, wa kwanza karibu na lori, wa pili korongoni. Tukaenda kwa wa kwanza. Robo zake zilikuwa zimeshatolewa, mzoga umelala jua la saa sita likiuchoma, tumbo limefura. Kilonzo hakuwa na ujuzi wa matumbo, alilikiri hilo. Musyoka akasema ng'ombe wa kwao alipasuliwa mbele yake mara mia, akachukua kisu, akakidunga katikati ya uvimbe. Sijui niseme nini kuhusu kilichotokea, ila kwamba kilikuwa cha kijani, kilikuwa na moto, na kilikwenda mbali. Shati la Bwana Afya likaondokewa na weupe wake. Sarara zilizokuwa juu ya ngozi, na nyama ya mgongo, vyote vikafunikwa. Musyoka alisimama akidondokwa kidevuni, hakuna aliyethubutu kucheka. Bwana Afya akatoa kitambaa, akafuta kalamu zake mbili kwanza, ndipo uso. "Amebaki mmoja," akasema. "Nikiondoka bila kupiga muhuri, nimefunga kambi."

Hapo nilisema. Sikumwomba mtu ruhusa, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Amemlaza vibaya. Tumbo kubwa huwa kushoto. Amemlaza kushoto juu, sasa lile lote limekuja kumtazama yeye usoni."

Wote wakanigeukia. Nikaendelea. Nikawaambia wamtoe nyama ya upande wa kushoto kwanza, kisha wamgeuze, wa kulia uwe juu mwishoni. Tumbo kubwa litalala chini kwa uzito wake, na ini liko kulia, chini ya mbavu, litakuwa linatungoja. Nyama yote iwe imeshaondolewa, ipelekwe mbali, ndipo tufungue. Miaka miwili nilikuwa nimepokea kila kilichotoka ndani ya ng'ombe, kikiwa bado na joto, nikijua kwa vidole kipi kimeshikana na kipi, na haikuwahi kunijia akilini kwamba hayo ni maarifa. Nilidhani ni uchafu wa kazi yangu tu.

Kilonzo aliniangalia, ameinamisha kichwa vile alivyokuwa akiitazama nyama. "Mmesikia," akasema. "Kushoto kwanza."

Tukashuka korongoni tukikimbia. Wakatoa upande wa kushoto, wakamgeuza, wakatoa wa kulia, na nyama yote ikapandishwa juu. Ndipo Kilonzo akanipa kisu chake mwenyewe, kile cha zamani cha kuchongea alichokifunga mpini kwa ngozi. Nikapiga magoti. Nikapasua kidogo sana nyuma ya ubavu wa mwisho, nikaingiza vidole viwili, makali ya kisu yakiwa juu katikati ya vidole hivyo, vidole vikilisukuma tumbo chini ili ncha isiliguse. Nikashuka hivyo, taratibu, huku nimeshika pumzi. Likachungulia lile la kitabu, nikalirudisha kwa kiganja. Nikapeleka mkono mpaka begani chini ya mbavu nikalikuta ini, zito, laini, nyongo imelilalia ubavuni. Ile nyongo niliizunguka kama mtu anayebeba yai la mwenye nyumba. Nikalitoa. Nikapasua ule utando unaotenga tumbo na kifua, nikatoa moyo na mapafu. Bandama niliitafuta kwa muda mrefu kuliko vyote, ilikuwa imejibandika upande wa chini wa tumbo kubwa, nikaichambua kwa kucha mpaka ikaachia. Vyote vikawa juu ya ngozi safi. Sikumwaga hata tone. Nilipoinua kichwa, jasho lilikuwa limenifumba macho, na nilichosikia ni nzi tu.

Bwana Afya akachuchumaa. Akalipasua ini mara tatu akitafuta minyoo, akabonyeza bandama, akapapasa mapafu. Kisha akapanda juu ya korongo, akafungua lile kasha, na muhuri wa zambarau ukalia juu ya nyama, robo kwa robo. Alipomaliza akatoa karatasi. "Hapa naandika mkata nyama aliyefungua. Nani?"

Musyoka alikuwa karibu zaidi, na kwa mila zote jina lake ndilo lililotarajiwa. Akaendelea kujifuta kidevu.

"Andika Muthoni," akasema Kilonzo.

"Huyu kwa karatasi ya tajiri ni mwosha matumbo."

"Karatasi ya tajiri ni ya zamani. Huyu ni mkata nyama wangu."

Nimezaa baada ya hapo, nimezika, nimejenga. Lakini ukiniuliza ni saa gani nilikuwa mtu mzima, nitakuambia ilikuwa ile, nikiwa nimejaa damu mpaka kwapani, nikimtazama mtu akiandika jina langu kwa kalamu iliyokuwa na doa la kijani. Niliona fahari, na sikuificha. Asubuhi iliyofuata mnyama wa kwanza alipolazwa, Kilonzo alikata robo yake, akaibeba, akapita. Mkono wa mbele wa kulia ukabaki pale. Hakusema "chukua." Musyoka akanitazama, akasogea hatua moja kunipa nafasi ya kuinama, akasema, "Matumbo, harakisha, jua linapanda." Niliutoa bila kusikia mfupa.

Mwisho wa mwezi ule nilirudi Kaloleni na ini zima na tumbo la taulo la pofu, nililoliosha mwenyewe kwa maji ya pipa mpaka likang'aa. Sikuingia nalo chumbani. Nilikwenda nalo bombani, mchana kweupe, nikaliosha tena ingawa lilikuwa safi, nikalitundika kwenye kamba ya nguo katikati ya mashuka ya watu. Kwa muda mfupi wanawake wote wa mstari ule walikuwa na shida ya maji. Yule aliyenikopesha sufuria akaligusa kwa kidole, akalinusa, akasema, "Kumbe ni mnyama kamili." Jioni chumba chetu hakikutosha. Watu walikula wamekaa kwenye vitanda, kwenye kiti cha cherehani, mlangoni, na Felista alikula nyama akaacha mchuzi.

Mwaka uliofuata serikali ilipiga marufuku uwindaji nchi nzima, kambi ikafungwa, kila mtu akaenda zake. Mimi nilirudi kwa tajiri, nikaenda moja kwa moja mbele, kwenye mbao, na kwa kuwa alikuwa ameona ile karatasi ya Bwana Afya hakunitoa. Nimekata nyama Eastlands hii miaka thelathini, na wasichana wawili waliokuja kuosha matumbo kwangu waliondoka wakiwa na visu vyao. Kilonzo nilimwona mara chache baada ya hapo, kwenye harusi, kwenye misiba, na kila mara aliniuliza kama bado nasikia mfupa.

Nilikuwa nimefika kwenye utumbo wa mwisho pale Tena nilipoona viatu mbele ya beseni langu, na fimbo. Musyoka amekuwa mzee mfupi, kichwa chake cheupe. Alinitazama, akatazama beseni, akamgeukia yule mjukuu mwenye simu, sauti yake ikasikika mpaka jikoni. "Nani ameweka huyu hapa? Nyinyi mnamjua huyu? Huyu ni mkata nyama wa babu yenu." Msichana akashusha simu. Wanawake wote wakaacha walichokuwa wakifanya. Musyoka akaninyooshea kisu, mpini mbele. "Simama. Wale vijana wanaua mbuzi mara ya pili."

"Ngoja nimalize haya," nikamwambia. "Mara ya mwisho ulipoyashika wewe, mtu alirudi nyumbani bila shati."

Alicheka mpaka akaegemea fimbo. Nami nikayamaliza, bila haraka, kwa sababu ndiyo yaliyonipa kisu na siwezi kuyaonea haya leo. Nikamwaga maji, nikafuta mikono kwenye leso, nikamfuata nyuma ya nyumba. Mbuzi alikuwa ametandazwa juu ya ngozi yake. Paja moja lilikuwa limetolewa, na la pili, na mkono wa kushoto. Vijana walikuwa wamesimama na visu vyao butu, wamekasirika kidogo, kwa sababu tangu asubuhi, wakasema, huyu mzee amewakataza kugusa ule wa kulia.